Ndugu katoka Jeshi la Marekani na hali yake si nzuri: aanzie wapi, na mkewe afanye nini?

Mwana_wa_Pwani

Wakuu, heshima kwenu. Naomba mwongozo wa wanaoujua mfumo wa Marekani kwa undani, maana huku kanisani kila mtu ana lake.

Ni ndugu wawili wa tumbo moja, Wakenya waliohamia Texas. Mkubwa alitumikia Army miaka minne, miezi tisa kati ya hiyo akiwa Iraq, na ametoka mwaka mmoja na nusu uliopita. DD214 yake, ile hati ya kutoka jeshini, inasema Honorable, yaani katoka kwa heshima. Sasa usingizi haumpati mpaka saa tisa usiku, anazunguka nyumba akikagua milango, harusi na misiba haendi tena kwa sababu ya watu wengi, na akipandwa na hasira watoto wanajifungia chumbani. Bia ni kila siku. Bastola iko kwenye droo kando ya kitanda. Mdogo wake bado yuko kazini Fort Hood, naye dalili zile zile zimeanza, ila anaamini akionana na daktari wa akili tu, kazi imekwisha.

Mkubwa ameambiwa asubiri kwanza apate "asilimia" za VA (idara ya wanajeshi wa zamani) ndipo atibiwe, na kuna kampuni imejitolea kumtafutia hizo asilimia kwa malipo. Ni kweli lazima asubiri? Aanzie mlango upi? Na mke, ambaye amechoka kabisa, naye ana haki ya huduma yoyote?

Nesi_wa_Zamu

Mleta mada, hilo la kusubiri asilimia si kweli, na ndilo linalowachelewesha wengi wa kwetu. VA ina milango miwili. Wa kwanza ni wa matibabu, uko chini ya hospitali na kliniki. Wa pili ni wa fidia ya ulemavu, una ofisi zake na karatasi zake, na huko ndiko zinakotoka asilimia, yaani kipimo cha ulemavu. Mtu anaweza kutibiwa miaka bila kuwa na hata asilimia moja, na mwingine akawa na 70 bila kuwahi kukaa mbele ya mshauri nasaha.

Ila kabla ya mlango wowote, ile droo. Zaidi ya theluthi mbili ya wanajeshi wa zamani wanaojiua Marekani hutumia silaha ya moto, na wimbi la kutaka kujiua mara nyingi hupanda na kushuka ndani ya dakika chache. Kinachookoa ni umbali kati ya mkono na silaha wakati wimbi liko juu. Risasi zitolewe zifungiwe mahali pengine, bastola ifungwe. VA hutoa kufuli za waya bure, aombe tu kwenye kliniki, hazina fomu ndefu. Bora zaidi ikae nje ya nyumba kwa muda, kwa mtu anayeruhusiwa kisheria kuwa nayo. Msiichukue kwa siri. Akigundua, mtakuwa mmempoteza kabla hamjaanza. Mwambieni ni kwa muda, na ataipata tena akianza kulala.

Kisha muulizeni kwa maneno yaliyonyooka: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo. Akijibu ndiyo, au akizunguka zunguka, pigeni 988 kisha mbonyeze 1. Ujumbe mfupi unakwenda 838255. Jamaa wa familia naye anaweza kupiga, si lazima awe yeye.

Ikifika hatua ya hatari, nendeni hospitali yoyote yenye huduma ya dharura, iwe ya VA au isiwe. Tangu Januari 2023, kwa sheria iitwayo COMPACT Act, VA hulipia huduma ya dharura ya kujiua hadi siku 30 za kulazwa na siku 90 za kliniki baada ya hapo, hata kama hajajiandikisha VA kabisa. Mwenye zaidi ya miezi 24 ya utumishi na hati safi kama huyu anaingia. Kosa linalozaa bili nyumbani ni hospitali ya nje kutoitaarifu VA ndani ya saa 72. Mwambieni karani wa mapokezi mapema kwamba mgonjwa ni mwanajeshi wa zamani, na mumpe namba hii: 844-724-7842.

Kama si dharura, mimi ningeanzia Vet Center. Ni vituo vidogo vilivyoanzishwa 1979 kwa ajili ya waliotoka Vietnam, viko takriban 300, mara nyingi kwenye jengo la kawaida karibu na maduka na wala havifanani na hospitali. Aliyetumikia eneo la vita hapewi bili, haulizwi asilimia, halazimiki kujiandikisha VA. Faili lake hukaa kivyake, na VA yenyewe hailioni bila saini yake, isipokuwa maisha yakiwa hatarini. Namba ni 877-927-8387, saa 24. Upungufu wao mmoja: hawaandiki dawa.

Kwa dawa na uchunguzi wa mwili ajiandikishe VA kwa fomu 10-10EZ, mtandaoni au kwa 877-222-8387. Aliyetumikia eneo la vita na kutoka tarehe 1 Oktoba 2013 au baadaye ana dirisha la miaka 10 tangu siku ya kutoka, hivyo yeye bado yuko ndani kabisa. Aende na nakala ndefu ya DD214, ile inayoonyesha aina ya kuachishwa. Mapokezi asiseme "nimekuja kuulizia haki zangu", atatumwa ofisi ya madai ashinde huko. Aseme: "Nataka kuonana na mtu wa afya ya akili leo." Hospitali za VA zina utaratibu wa kumwona mtu siku hiyo hiyo.

Atapewa dodoso la maswali 20, PCL-5. Kila swali lina alama 0 hadi 4, jumla 80, na kuanzia 31 hadi 33 wataalamu huanza kufikiria PTSD, ugonjwa wa kiwewe. Hapa ndipo malezi yetu yanapotuponza. Ukiulizwa hali, unajibu "nzuri" hata kama nyumba inaungua, na mtu huyo huyo akifika kwenye dodoso anaweka sifuri na moja mpaka mwisho. Linauliza mwezi uliopita. Ajibu kwa ule usiku wa saa tisa, si kwa asubuhi aliyovaa shati safi akaja kliniki. Na kama aliwahi kuwa karibu na mlipuko aombe apimwe pia jeraha la ubongo, maana hasira, kusahau na kukosa usingizi vinaweza kutoka huko.

Karani_wa_Madai

Nesi kamaliza upande wake, nichukue ule mlango wa pili.

Kwanza ile kampuni, achaneni nayo. Kwa sheria hakuna anayeruhusiwa kutoza pesa kwa kuandaa dai la mara ya kwanza, na anayekuandalia lazima awe amesajiliwa na VA. Kuna maafisa wanaofanya kazi hiyo bure: wa vyama vya wanajeshi wa zamani kama DAV, VFW na American Legion, na wa ofisi ya kaunti ya wanajeshi wa zamani, ambayo Texas karibu kila kaunti inayo. Akiwa ameshawapa nenosiri la akaunti yake, alibadilishe leo leo.

Pili, afunge tarehe. Kuna karatasi ya kutangaza nia, 21-0966, au apige 800-827-1000 aseme anataka kutangaza nia ya kudai. Kuanzia siku hiyo ana mwaka mmoja wa kukusanya ushahidi, na dai likikubaliwa malipo huhesabiwa kutoka tarehe ile ya nia. Ni shughuli ya dakika kumi. Wanaoruka hatua hii hupoteza miezi ya malipo bila sababu.

Ndani ya mwaka huo awasilishe 21-526EZ, ambayo ndiyo dai lenyewe, na 21-0781 inayoeleza tukio au matukio ya jeshini. Vitu vitatu vinatafutwa: ugonjwa uliothibitishwa na mtaalamu, tukio, na uzi unaoviunganisha. Kwa aliyekuwa eneo la vita, tangu 2010 hofu ya mashambulizi ya adui inakubalika kama tukio, mradi iendane na mahali na kazi aliyofanya. Hahitaji medali wala shahidi wa kila kombora.

Mke ana karatasi yake, 21-10210, ya ushahidi wa anayeishi naye. Hii wengi huiandika vibaya. "Mume wangu amebadilika sana, anateseka" haimsaidii mpima. Andikeni hivi: "Tangu Machi, usiku nne kati ya saba anaamka akipiga kelele. Mara mbili amenikaba akiwa usingizini. Hajaingia dukani siku ya Jumamosi kwa miezi minane." Hesabu, siku, kitu kilichoonekana kwa macho. Bila sifa na bila sala.

Halafu ataitwa kwenye uchunguzi wa dai. Akikosa bila taarifa, dai mara nyingi hukataliwa hapo hapo. Ngazi ni 0, 10, 30, 50, 70 na 100, na magonjwa yote ya akili hupewa kiwango kimoja kwa pamoja, kwa hiyo sonona juu ya PTSD haiongezi mstari mpya. Kinachopimwa ni kiasi gani ugonjwa unaharibu kazi na mahusiano. Ulevi peke yake haulipiwi, lakini ukithibitishwa kuwa umezaliwa na PTSD huhesabiwa pamoja nayo.

Na kinachochekesha kama si kuliza: anayesubiri asilimia ndipo atibiwe hufika kwa mpima na faili tupu, halafu hunyimwa asilimia kwa kukosa rekodi za matibabu.

Baba_Subira

Mnampeleka mbali. Aache pombe kwanza miezi mitatu ndipo aende huko kwa kuongea ongea. Na usingizi daktari ampe diazepam, kesi imekwisha.

Mfamasia_Minnesota

Baba Subira, yote mawili yameshapitwa. Mwongozo wa pamoja wa VA na Wizara ya Ulinzi wa 2023 unasema pombe na PTSD vitibiwe kwa wakati mmoja. Ukimwambia aache kwanza, umemnyang'anya kitu pekee kinachomlaza bila kumpa kingine, na hatarudi. Tahadhari moja tu: anayekunywa sana kila siku asikate ghafla nyumbani. Jasho, kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo au degedege ni dharura ya hospitali.

Diazepam, lorazepam, alprazolam na jamaa zao mwongozo huo huo unazikataza kwa PTSD. Hazitibu kiwewe, zinazoesha mwili, zinadhoofisha tiba ya mazungumzo, na juu ya pombe zinaweza kuzima pumzi. Bangi nayo wanaikataza, hata kwenye majimbo inakouzwa wazi.

Kinachotangulizwa, kikipatikana, ni hiyo "kuongea ongea", ila si porojo. Kuna CPT, takriban vikao 12, ambapo mtu anafundishwa kuzikamata na kuzihoji fikra kama "nilipaswa kumwokoa". Kuna PE, vikao 8 hadi 15 vya dakika 90, ambapo analisimulia tukio tena na tena mpaka linapoteza makali, na anarudi hatua kwa hatua mahali anapopakwepa, tuseme duka la Jumamosi. Na kuna EMDR, ambapo analikumbuka tukio huku macho yakifuata kitu kinachosogea huku na huku. Wengi hukimbia kati ya kikao cha pili na cha tano, kwa sababu hapo dalili zinaweza kupanda kidogo kabla ya kushuka. Familia ijue hilo mapema isije ikasema "tiba imemzidishia". Akiambiwa atawekwa kwenye kundi la mazungumzo tu, aulize kwa jina: "Hapa mnatoa CPT au PE?"

Dawa zenye nguvu ya ushahidi ni sertraline, paroxetine na venlafaxine. Sertraline kwa PTSD kawaida huanza miligramu 25 kwa siku, baada ya wiki 50, na inaweza kupandishwa hadi 200. Siku za mwanzo tumbo huvurugika na usingizi kuyumba, nafuu yenyewe huja wiki ya nne hadi ya nane. Wanaume wengi huiacha kimya kimya kwa sababu ya kupungukiwa nguvu za kitandani na hawamwambii daktari. Amwambie, kuna dozi na dawa mbadala. Asikate ghafla, kizunguzungu na kichwa kama cha umeme vitamrudisha nyuma.

Kwa majinamizi kuna prazosin, kwa asili ni dawa ya presha. Huanza miligramu 1 wakati wa kulala na kupandishwa pole pole. Usiku wa kwanza presha inaweza kushuka, kwa hiyo akiamka kwenda msalani akae kwanza ukingoni mwa kitanda ndipo asimame. Akiiruka siku kadhaa, asirudie dozi kubwa aliyofikia, ampigie daktari aanzishwe chini tena.

Na miraa ya kuletewa ndani ya begi, tafadhali. Mbali na kuwa haramu Marekani, ni moto kwa mtu anayekagua madirisha saa nane usiku.

Mwana_wa_Pwani

Nimeandika yote, asanteni sana. Sasa, akikataa kwenda? Ameshasema "mimi si kichaa". Na mke hajajibiwa bado.

Mama_Tumaini

Kuna huduma ya VA inayoitwa Coaching Into Care, 888-823-7458, Jumatatu hadi Ijumaa, bure. Ni ya familia hasa. Wanamfundisha mke au ndugu namna ya kulianzisha jambo na mtu anayekataa. Huduma yenyewe si matibabu yake na haimtaji popote, kwa hiyo mke apige hata leo bila kuomba ruhusa.

Neno "kichaa" liacheni, hata "magonjwa ya akili" msianze nalo. Anzeni na usingizi. Mwanaume anayekataa mshauri nasaha atakubali kwenda kutibiwa usingizi, na Vet Center hawatashangaa akija na mlango huo. Chagueni wakati ambao hajanywa na watoto hawapo. Taja kitu kimoja ulichokiona, omba kitu kimoja. "Jana uliamka mara tatu. Twende pamoja Jumanne, nitakaa nje kwenye gari." Kikao cha wazee wanane sebuleni kitamfanya ajihisi yuko mahakamani.

Mke naye anaweza kupata ushauri Vet Center, pale unaposaidia kumrudisha mume kwenye maisha ya kawaida, na hapo haina bili. Ule uchovu wake ukizidi kuna namba ya VA ya wanaowatunza wagonjwa, 855-260-3274. Bima ya CHAMPVA isubiri. Inampata mke iwapo mume atahesabiwa kuwa na ulemavu kamili wa kudumu, na huko bado.

Usiku asimwamshe kwa kumgusa. Asimame miguuni mwa kitanda, amwite kwa jina, awashe taa. Kulala vyumba viwili kwa muda si talaka, hata kama mama mkwe atauliza. Jambo gumu zaidi ni mke kuanza kuishi kwa sheria za kiwewe: hawaalikani na watu, watoto hawachezi, televisheni haiwashwi. Inaonekana ni huruma, lakini kila kinachoepukwa leo kesho kinaogopwa zaidi. Watoto waambiwe kwa lugha yao: "Baba alikuwa mahali pa hatari, mwili wake bado unadhani yuko huko. Si kosa lenu." Hiyo inatosha kwa wa miaka sita.

Akipiga mtu, hapo tumetoka kwenye PTSD. Ugonjwa unaeleza hasira, hauhalalishi kipigo. 800-799-7233, saa 24, na mke awe na begi tayari.

Wa nyumbani Kenya nao wapewe taarifa ya kiasi. Kati ya Nairobi na Texas kuna saa nane au tisa, na simu ya karo ya shule inayolia saa kumi alfajiri inamfuta usingizi alioupata kwa dawa. Maombi yaendelee. Anayetaka kumwombea mpaka aache vidonge, huyo mumzuie.

Sajini_Mstaafu_wa_Ofisini

Kwa mdogo aliye kazini, hofu yake ina punje ya ukweli iliyozungushiwa uvumi mwingi.

Tangu Mei 2023 Wizara ya Ulinzi inaitekeleza Brandon Act, iliyopewa jina la baharia Brandon Caserta aliyejiua 2018. Mwanajeshi anaweza kumwomba kamanda, au msimamizi wa cheo cha E-6 kwenda juu, apelekwe kupimwa afya ya akili, na halazimiki kutoa sababu. Kamanda huambiwa habari hasa pale penye hatari kwake au kwa wengine, hatari kwa kazi maalumu, kulazwa, au kuingizwa kwenye mpango rasmi wa kutibu ulevi, na hata hapo ni kwa kiasi kinachohitajika. Anayetaka kuanzia mbali na kambi apige Military OneSource, 800-342-9647: vikao hadi 12 kwa kila tatizo, bure. Ila hawatibu PTSD yenyewe wala mwenye wazo la kujiua, watampeleka kwa daktari. Padre wa jeshi ndiye mwenye siri kuliko wote, haruhusiwi kutoa neno bila idhini yake, na hahitaji kuwa wa dini yako.

Kibali cha usalama ndicho kinachowatisha zaidi. Fomu SF-86 ya kuombea kibali hicho, swali la 21, inataja magonjwa kwa majina, na PTSD haimo. Kinachoua vibali ni madeni, ulevi barabarani na uongo kwenye fomu yenyewe.

Lipo moja linalotuhusu sisi wahamiaji, na sioni likisemwa. Aliyepata uraia kupitia jeshi anaweza kunyang'anywa iwapo ataachishwa kwa hati isiyo ya heshima kabla ya kufikisha miaka mitano ya utumishi wa heshima. Fikiria njia inayokwenda huko: hajalala, anakunywa, anachelewa gwaride, anakosa kazi siku tatu, anapewa OTH, yaani hiyo hati isiyo ya heshima. Anayeogopa daktari kwa ajili ya kazi ajue kwamba kutokwenda ndiko kunakohatarisha kazi, matibabu ya VA, na pasipoti. Akishaanza kuandikiwa makosa, amwone wakili wa utetezi wa jeshi kabla ya kusaini chochote, na faili la matibabu liwe limeshafunguliwa.

Akikaribia kutoka, dai la fidia anaweza kulipeleka kati ya siku 180 na 90 kabla. Na tiba isikatike njiani: kuna inTransition, 800-424-7877, wanaomkabidhi kutoka daktari wa jeshi kwenda wa VA.

Mwana_wa_Pwani

Mke amepiga Vet Center, wamempa Jumanne saa nne asubuhi. Jamaa amekubali "kwa ajili ya usingizi tu". Tatizo DD214 haionekani, wamehama mara mbili. Tuahirishe?

Karani_wa_Madai

Msiahirishe. Aende na kitambulisho, awaambie wamsaidie kuthibitisha utumishi. Jioni hii aingie milConnect, tovuti ya kumbukumbu za wanajeshi, aombe nakala. Ikigoma, ajaze fomu SF-180 aitume kituo cha kumbukumbu cha St. Louis, hawatozi kwa DD214. Ikifika, apige picha mbele na nyuma, moja abaki nayo mke.